TUTUNZE MACHO YETU: LIPI LA LEO, LIPI LA KESHO?



Katika vijiji vyetu vya Gesima, karibu kila boma lina mtu anayesumbuliwa na macho. Magokoro haendi tena kuchuma chai kwa kuwa hayaoni vizuri yale majani mawili na kichipukizi. Mtoto wa gredi ya nne anakaa mbele kabisa na bado ananakili makosa ubaoni. Kijana aliyepigwa na kipande cha kuni amefunga jicho kwa leso na anasema, "Wacha tu, litapona."

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.2 ulimwenguni wana shida ya kuona. Kati yao, angalau bilioni 1 wana shida ambayo ingaliweza kuzuiwa, au ambayo ina tiba ila hawajaipata. Maana yake ni kwamba watu wengi wanaishi gizani, na dawa yao ipo.

Mara nyingi kinachotuharibia macho ni kuchelewa. Kuna shida ya jicho inayoweza kungoja hadi mwisho wa mwezi pesa ya chai ikiingia. Kuna nyingine isiyoweza kungoja hata usiku mmoja. Kikundi kinachojua kutofautisha hizi mbili kinaweza kuokoa macho mengi bila kuwa na daktari ndani yake. Ndiyo sababu tumeandika makala haya.

JICHO LILIVYO

Fikiria jicho kama nyumba ndogo. Mbele kuna dirisha la kioo, safi kabisa. Nyuma ya kioo kuna tundu jeusi, yaani mboni, ambalo hupanuka gizani na kujikunja penye mwanga. Nyuma ya mboni kuna lenzi, na mwisho kabisa kuna ukuta wa ndani ambapo picha huangukia. Kutoka hapo mshipa unaipeleka picha kwenye ubongo, kama waya wa stima.

Kioo kikikwaruzwa, lenzi ikiingia ukungu, au waya ukifa, mtu haoni. Lakini tiba zake ni tofauti kabisa. Kwa hiyo dawa iliyomponya jirani inaweza kukupofusha wewe.

HAYA HAYANGOJI HATA USIKU MMOJA

Mtu akipata mojawapo ya shida hizi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo:

1. Dawa, saruji au chokaa imeingia jichoni. Wengi wetu tunapulizia ng'ombe dawa ya kupe, au nyanya na kahawa dawa ya wadudu. Ikirukia jichoni, usikimbilie barabarani kutafuta bodaboda kwanza. Mwoshe hapo hapo kwa maji mengi safi. Mlaze, fungua kope kwa vidole, na mwaga maji polepole kwa muda wa nusu saa. Kisha mpeleke, na mbebe chupa ya ile dawa, mganga aisome. Maji ya dakika za kwanza ndiyo yanayookoa jicho.

2. Jicho limepigwa au kuchomwa. Huenda ni kijiti, msumari, ukucha wa mtoto, au kipande cha jiwe kutoka kwa nyundo. Kama kitu kimechoma na kubaki ndani, usikichomoe. Usilikande jicho wala kulifunga kwa kulibana. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, kisha ondokeni.

3. Jani la mahindi au la miwa limekwaruza jicho, na sasa linauma. Hili tunalidharau sana. Mkwaruzo mdogo huingiza viini, hata vya kuvu, na baada ya siku chache doa jeupe huonekana juu ya kile kioo. Hicho ni kidonda. Kikipona kwa kuchelewa huacha kovu, na kovu huzuia mwanga daima.

4. Jicho jekundu lenye maumivu makali, au linaloogopa mwanga, au ambalo kuona kwake kumepungua.

5. Mtu ameacha kuona ghafla, hata kama hana maumivu yoyote.

6. Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja ana usaha machoni na kope zimevimba. Viini vinavyopatikana wakati wa kuzaliwa vinaweza kumpofusha kwa siku chache tu. Mama mjamzito, unapokwenda kliniki, uliza kuhusu dawa ya macho anayotiwa mtoto mara anapozaliwa.

7. Mboni ya mtoto inaonekana nyeupe, au inang'aa kama jicho la paka usiku. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani ya jicho. Saratani hii ikigunduliwa mapema mtoto hupona. Ikichelewa huchukua uhai wake. Mzazi asiambiwe, "Ngoja akue kwanza."

JICHO JEKUNDU LA KUAMBUKIZANA

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa, watu wakaambukizana nyumba hadi nyumba. Hata huku kwetu huingia shuleni, na wiki moja ikiisha nusu ya darasa wanalia machozi.

Dalili zake ni hizi: jicho jekundu, kuwasha kama kuna mchanga, machozi au tongo zinazogandisha kope asubuhi. Mara nyingi huanza jicho moja likafuata la pili, lakini mtu bado anaona vizuri. Kwa kawaida huisha baada ya wiki moja au mbili. Osha macho kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Nawa mikono kwa sabuni kila unapogusa uso. Kila mtu awe na taulo lake au kitambaa chake. Mtoto akae nyumbani hadi tongo ziishe. Tongo zikizidi au zisipopungua, nenda kituo cha afya upewe dawa inayofaa. Akianza kuumwa sana au kutoona vizuri, huyo amehamia kwenye ile orodha ya juu.

Kuna pia watoto ambao macho yao huwasha kila mara, wanayasugua hadi yanakuwa ya rangi ya kahawia. Huo ni mzio wa vumbi au vumbi la maua, na hauambukizi. Kitambaa kilicholowa maji baridi humtuliza. Lakini apimwe, kwa sababu kusugua kwa miaka mingi huharibu kioo cha jicho.

Hapa tunatoa onyo kali. Usitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo, asali, wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Hata matone ya dukani yanaweza kudhuru. Mengine yana steroidi, ambayo huondoa wekundu haraka na kukufanya udhani umepona. Kumbe kama kuna kidonda, kinazidi kula jicho. Na yakitumiwa muda mrefu bila kupimwa, huleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Ukipewa dawa, uliza: "Hii ni ya nini, na niitumie siku ngapi?" Siku zikiisha, acha.

MTOTO WA JICHO

Huu ndio ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko mwingine wowote duniani. Ile lenzi ya ndani iliyokuwa safi huingia ukungu kidogo kidogo, kama dirisha la jikoni lenye moshi. Hauumi. Mzee huanza kusema taa hazitoshi, au jua linamchoma macho, na baadaye anawatambua watu kwa sauti zao tu. Ukimtazama vizuri unaona weupe ndani ya mboni.

Hakuna matone, mizizi wala miwani ya kuuondoa ukungu huo. Tiba ni upasuaji. Daktari hutia ganzi jicho lenyewe, huondoa lenzi mbovu na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Kwa kawaida kazi yenyewe haimalizi saa moja. Jicho hufunikwa, na kesho yake bandeji ikifunguliwa wengi tayari wanaona. Kisha mgonjwa hutumia matone kwa wiki kadhaa, na haruhusiwi kusugua jicho wala kuinua mzigo mzito mpaka daktari aseme.

Zamani wagonjwa waliambiwa wangoje hadi mtoto wa jicho "akomae". Siku hizi si lazima. Kuona kukipungua hadi kazi za kila siku zinashindikana, huo ndio wakati wa kwenda.

Lakini katika boma nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Mama, twende Kisii ukapimwe macho."

"Mwanangu, mimi nimeshazeeka. Hizo pesa lipia mtoto karo."

Tunamheshimu mama kwa moyo huo. Hata hivyo tuhesabu vizuri. Mama asiyeona anaungua jikoni. Anateleza kwenye miteremko yetu mvua ikinyesha. Na kuna mjukuu, mara nyingi msichana, anayebaki nyumbani kumshika mkono kwenda chooni na kumteka maji. Kwa hiyo katika boma hilo waliopoteza ni wawili: mmoja amepoteza macho na mwingine amepoteza shule. Mama akifanyiwa upasuaji, wote wawili wanarudishiwa.

PRESHA YA MACHO NA UGONJWA WA SUKARI

Mtoto wa jicho akitolewa, kuona hurudi. Presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma, ni tofauti. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanasukuma, na ule waya wa nyuma unakufa pole pole. Aina iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Mtu hupoteza kwanza kuona kwa pembeni. Anaanza kujigonga kwenye milango na kuwakanyaga kuku, lakini akitazama mbele bado anaona. Anapogundua, sehemu kubwa imeshakwenda, na iliyokwenda hairudi.

Kinachowezekana ni kukilinda kilichobaki, kwa matone ya kila siku maisha yote au kwa upasuaji. Mtu asiache matone kwa kuwa "sioni tofauti". Matone hayo ni kama ua la shamba. Hayaongezi mahindi, yanazuia ng'ombe wasiyamalize. Kila aliyefika miaka 40 apimwe, na hasa aliye na mzazi, kaka au dada mwenye ugonjwa huu, kwa maana hufuata ukoo.

Mwenye ugonjwa wa sukari naye apimwe ndani ya macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Sukari huharibu mishipa midogo ya ukuta wa nyuma kimya kimya. Kuishika sukari na presha ya damu vizuri ni kuyashika macho.

MIWANI SI MARINGO

Kuanzia miaka 40 hivi, karibu kila mtu hushindwa kuona vitu vya karibu. Unaisukuma Biblia mbali hadi mkono unakuwa mfupi. Uzi haupiti tundu la sindano. Kuchagua mawe kwenye maharagwe kunakushinda. Huu si ugonjwa. Lenzi imekuwa ngumu tu, na miwani ya kusomea inatosha.

Sisi wa nchi ya chai tuna sababu ya kulisikiliza jambo hili. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kuonea karibu waliongeza chai waliyochuma kwa siku kuliko wenzao ambao hawakuwa wamepewa, na tofauti ilikuwa kama asilimia 22. Mkulima akiona vizuri kichipukizi, kikapu kinajaa haraka.

Hata hivyo, usinunue miwani kabla ya kupimwa angalau mara moja. Miwani haitagundua presha ya macho.

WATOTO WETU

Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni. Anadhani watu wote wanaona ukungu. Mwalimu anamwita mjinga, mzazi anamwita mvivu. Mwangalie anayekunja uso akitazama mbali, anayeinamia daftari hadi pua iguse, anayeumwa kichwa akisoma, au ambaye jicho moja limepinda. Kengeza haitokani na laana, na mtoto asingoje akue. Baada ya umri wa miaka saba au minane hivi, jicho lililozembea ni gumu kulifundisha kuona.

Katika Trans Nzoia, walimu wa shule za msingi walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa simu, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Kati ya kila watoto 100 waliogunduliwa na shida, 54 walifika hospitalini. Katika shule zilizofuata utaratibu wa kawaida walifika 22 tu. Kumbe kupima ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhakikisha mtoto amefika.

Kuhusu chakula, tunayo dawa shambani. Mtoto akikosa vitamini A huanza kujikwaa jioni jua likitua, na mwisho kioo cha jicho hukauka na kuoza. Ugali wa mahindi meupe hushibisha tumbo bila kuleta vitamini hiyo. Ongeza chinsaga, managu, kunde, majani ya malenge, malenge yenyewe, papai, na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Weka mafuta kidogo, kwa sababu bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Maini, mayai na maziwa yanafaa sana. Tena mpeleke kliniki apewe matone ya vitamini A kila miezi sita, tangu miezi 6 hadi miaka 5, na chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na miezi 18. Surua imepofusha watoto wengi waliokuwa na lishe duni.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Ng'ambo ya mpaka wetu, katika kaunti ya Homa Bay, kuna msitu na bonde la Kodera. Zamani watu wa huko walikuwa wakipofuka kwa ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na vijiinzi vya mtoni. Mabuu ya vijiinzi hivyo hukua yakiwa yameshikamana na kaa wa mtoni. Katika miaka ya 1940 dawa ya DDT ilitiwa ndani ya maji, na vijiinzi vikaisha. Familia moja isingeweza kuulinda mto mzima. Ilibidi mto wote ushughulikiwe kwa pamoja.

Nasi tunaweza kufanya haya:

1. Tupime kwa vidole. Pima mita 6 kwa kamba, mahali penye mwanga. Mtu afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulibana. Mwonyeshe vidole mara tano, ukibadilisha idadi. Kisha jicho la pili. Anayekosa mara tatu au zaidi kwa jicho lolote atumwe hospitalini. Lakini anayefaulu asidhani amemaliza, maana mwenye presha ya macho anaweza kuhesabu vidole vyote.

2. Tuwe na daftari la macho. Andikeni nani ametumwa, lini, na kama alifika. Mhudumu wa afya wa kijiji awe pamoja nanyi.

3. Tutenge mfuko mdogo. Kwenye mzunguko wenu, wekeni shilingi chache kila mkutano kwa ajili ya nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake. Mara nyingi kinachomkwamisha mzee ni nauli, na kukosa mtu wa kumshika mkono.

4. Tujiandikishe SHA mapema, na tuulize hospitalini ni huduma zipi zinazolipiwa.

5. Tujue pa kwenda. Anzeni kituo cha afya cha karibu mpewe barua. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina kitengo cha macho. Mbali kidogo kuna Tenwek kule Bomet na hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga. Kambi ya macho ikitangazwa kanisani, daftari lenu liwe tayari lina majina.

6. Aliyefanyiwa upasuaji akapona, aombwe kuzungumza kikundini. Mzee mmoja aliyeona tena atawatoa hofu wazee kumi.

Na wale ambao macho yao hayawezi kurudi tusiwaache gizani. Mtoto kama huyo ana haki ya shule. Iko ya Kibos, Kisumu, na ile ya Thika iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Mtu mzima naye hujifunza kutembea kwa fimbo na kufanya kazi yake.

Injili ya Marko, sura ya 8, inatueleza habari za kipofu wa Bethsaida. Tunakumbuka kwamba Yesu alimponya. Mara nyingi tunasahau kwamba hakufika peke yake. Kuna watu waliomleta, na majina yao hayakuandikwa. Kazi ya kikundi ni hiyo ya kumleta mtu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu ni nani asiyeona vizuri ambaye hajawahi kupimwa? Ni nini kinachomzuia?

2. Dawa ya kupe ikimrukia mtu jichoni leo, maji safi ya kutosha yako wapi?

3. Ni vitu gani watu wa kwetu hutia machoni? Tutawaeleza vipi bila kuwaaibisha?

4. Kuna mtoto anayekosa shule kwa sababu anamwongoza mtu asiyeona? Tutafanya nini mwezi huu?

5. Nani atakayetunza daftari la macho?